Tarehe Juu ya Ubao

Jumatatu, 21 Julai
Zoezi la kupandisha vidole vya mkono wa kulia ukutani kabla ya chai, mara kumi. Leo vimepanda mpaka usawa wa bega, vikagoma. Chini ya kwapa panawaka. Kidole cha mwisho na jirani yake bado vina ganzi. Daktari wa Mwanza aliyenitoa ubavu wa juu, ule uliokuwa unabana mishipa chini ya mtulinga, alisema mishipa ya fahamu hupona polepole, labda mwaka. Huu ni mwezi wa tatu. Nimechoka kuvumilia.
Ofisini wenzangu hawaishi: Adamu alitolewa ubavu akapewa mke, wa kwako yuko wapi? Nimecheka tena. Mara ya ishirini hii.

Jumatano, 23 Julai
Mezani naandika vizuri. Shida ni kuinua mkono. Kwa hiyo Darasa la Kwanza naanza kuandika katikati ya ubao. Tarehe, ambayo kila mwalimu huiweka juu kabisa, mimi naiweka usawa wa kifua. Kiti nilijaribu wiki ya kwanza. Kiliyumba, nikajishika kwa mkono mbovu, nikaona nyota mchana. Sirudii.
Mwalimu Mkuu nilimwambia nimepona. Uongo. Lakini nilikaa nyumbani wiki nane nikihesabu mabati. Sitaki tena.
Kabula kashika penseli kwa kushoto. Nimeihamishia kulia. Kila siku nawaambia: mkono wa kushoto hauandiki. Haelewi yule mtoto.

Jumanne, 29 Julai
Siku mbaya. Dawa asubuhi, dawa mchana, hamna kitu. Nimemfokea mke wangu kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Alikiokota akaendelea kupika. Afadhali angejibu.

Alhamisi, 31 Julai
Mwalimu Mkuu kakagua madaftari, kaniita.
"Mwalimu, watoto wako wote wanaanza kuandika katikati ya ukurasa. Huku juu wanamwachia nani?"
Wananakili ubao. Kama ulivyo. Watoto wa wachimbaji, wa wafugaji, wote, nimewafundisha kuacha nusu ya karatasi. Nikajibu eti bado wadogo. Nimewasingizia watoto wa miaka saba. Naona aibu hata kuiandika.
Mwalimu Mkuu ni mama asiyedanganyika. Alilitazama bega langu. Kanipa mpaka Jumatatu, tarehe 11, niwe naandika juu ya ubao. Nikishindwa, darasa anampa mwenzangu, mimi nikakae stoo ya vitabu hadi nipone. Siyo adhabu, kasema. Ni adhabu. Nikiingia stoo sitoki. Miaka kumi na tisa nafundisha kusoma na kuandika. Kitu kingine sijui.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimekwenda shule peke yangu. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikaanza kuandika "Jumamosi" juu kabisa. Nilifika herufi ya nne. Mkono ulianguka wenyewe, chaki ikavunjika. Nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti kidevuni, nikalia.
Nilifuta kwa kushoto. Ulifika juu bila taabu yoyote. Nikaukasirikia.

Jumapili, 3 Agosti
Kanisani sikwenda. Chupa ya maji ya moto begani siku nzima. Nilimweleza mke wangu, Mama Doto, yote, hata lile la uongo.
"Baba Doto, huo wa kushoto una ugonjwa gani?"
Nikamwambia mwalimu haandiki kwa kushoto.
"Basi nenda stoo."
Kanitupia daftari la Doto na penseli.

Jumatano, 6 Agosti
Ukurasa wa nane kwa mkono wa kushoto, herufi a tupu. Zinaegemeana kama walevi wanaotoka kilabuni. Mimi, ninayepewa vyeti vya shule nzima niviandike! Mkono unajua unachotakiwa kufanya, ila hautii. Nimevunja penseli kwa hasira.
Halafu nikamkumbuka Kabula. Haya ndiyo ninayomfanyia tangu Januari.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeandika jina langu. Linasomeka. Kulala sijui kama nitalala. Naogopa.

Jumatatu, 11 Agosti
Hapa Runzewe kulikuwa na baridi asubuhi, bega liliamka kabla yangu. Vidole ukutani, mara kumi. Palepale.
Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni. Nikachukua chaki kwa kushoto, nikaandika tarehe juu kabisa. Ilianza vizuri ikateremka, kama inatafuta mlango.
"Mwalimu," Kabula akasema, "mkono huo hauandiki."
Nikamwambia nilikosea. Unaandika.
Alinitazama kwanza kama ninamtega. Kisha akahamisha penseli. Wote wakafungua ukurasa mpya, wakaanza mstari wa juu. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Saa nne nikamkuta ofisini, kasema tu ratiba yangu haibadiliki.
Jioni hii panawaka kama jana. Nimesahihisha madaftari. Tarehe ya Kabula imenyooka kuliko yangu. Nimemwekea alama ya vema kwa kushoto, nayo imepinda.