Eda ya Mume Aliye Hai

Rumonge, mtaa wa Waswahili
Tarehe 11 Septemba 1972

Mpendwa mjukuu wangu Mwamini,

Amahoro, mama. Mumeamkaje huko Tabora? Abdul hajambo? Na hilo tumbo, limefika miezi mingapi? Mimi magoti yananiuma kama ulivyoyaacha, lakini chakula kinapita. Biasha wa jirani ndiye anayeniandikia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Kaa chini kwanza. Kaka yako Feruzi yuko hai. Feruzi yule yule tuliyemsomea hitima. Amelala chumba cha pili, anakoroma.

Nilipokuandikia mwezi wa tano sikukudanganya. Ile Jumamosi alipeleka vijana wake wa sekondari kucheza Nyanza-Lac, na mambo yakaharibika siku hiyo hiyo. Kamiyo yao, lori walilopanda, ilikutwa njiani imeungua, na pembeni koti lake. Kifungo cha tatu nilikishona mimi mwenyewe kwa uzi mwekundu. Ningebisha nini? Nikamkalisha mkewe Batuli eda, nikamvua bangili, nikagawa vitu vya marehemu kama tunavyofanya. Viatu vya mpira, vile alivyokuja navyo kutoka Lubumbashi walikokuwa wakimlipa kucheza, nikampa Maneno mvuvi.

Kumbe dereva alikimbia aliposikia risasi, na Feruzi akawashusha vijana wote kumi na wanne, akawapitisha kwenye michikichi mpaka ziwani. Mmoja, Cikuru, aliteguka mguu, akambeba mgongoni. Unakumbuka mwaka wa uhuru, uwanja mzima ukiliita jina la kaka yako? Goti lilipovunjika kule Kongo nilisema mpira umemaliza kazi yake, amerudi kwangu kilema. Goti hilo hilo bovu ndilo lililobeba mtoto wa watu.

Mvuvi mmoja Mkongomani, Lukeba, akawavusha kwa safari mbili mpaka Baraka. Huko Feruzi akawa anawakimbiza kila asubuhi kama shuleni, ili wasikae wakiwaza. Anasema alituma salamu mara mbili kwa wavuvi. Hakuna iliyofika.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu alishuka pwani hapa. Wa kwanza kumwona ni Maneno, na viatu vya marehemu miguuni. Maneno akatupa nyavu, akakimbia, hata salamu hakutoa.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na macho yangu unayajua. Naona mwanaume anakuja moja kwa moja. Nikamzuia kwa fimbo: humu iko mwanamke wa eda, mwanaume haingii. Akasimama. Halafu akasema:

"Eda ya nani, bibi?"

Mwamini, sauti ile.

"Yako, mpumbavu wee," nikamwambia.

Batuli alitoka na shuka yake nyeupe, kichwa wazi, akamshika masikio mawili kama anayepima mtungi sokoni, akakataa kumwachia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba eda iishe. Mimi ndiye niliyemkalisha mke wa mtu hai, na nimemwomba radhi mbele ya wanawake wote. Mke mwenzangu huyo akanicheka, akadai bangili zake.

Kwa hiyo yule shemeji yako Nasoro, niliyekuomba umuandae kuja kumposa Batuli eda ikiisha, mwambie leo leo atafute kwingine. Asije hapa na kanzu mpya akatuaibisha.

Vijana kumi na wawili wamerudi kwao. Wawili wamebaki kwa Lukeba, maana hapa hakuna tena wa kuwafungulia mlango. Sisemi zaidi, barua hupita mikono mingi.

Feruzi ameanza tena kufundisha pale shuleni. Viatu amemwachia Maneno. Anasema vya marehemu havirudi. Filimbi yake iliungua, sasa anapiga mbinja kwa vidole. Zamani filimbi ile ilinikera, nikimtukana toka jikoni. Sasa mbinja ikikatika kidogo tu, naacha ugali motoni natoka kuangalia.

Nisalimie Abdul na mama mkwe wako Mwanahamisi. Batuli anakusalimu, na Feruzi akiamka atakusalimu. Mungu akufungue salama, na huyo mtoto azaliwe na magoti mazima.

Ni mimi bibi yako akupendaye, ambaye safari hii nalia kwa raha,

Kulthumu