Harufu ya Spiriti kwenye Shati la Calixte

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kigoma, 19 Agosti 1998, saa 3:10 asubuhi.
Jina: Eufrasia Gervasi. Umri: miaka 22. Kabila: Muha. Kazi: mwanafunzi wa chuo kikuu, sayansi, mwaka wa pili. Makazi: Mwandiga, kwa wazazi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe baada ya kusikia kwamba marehemu Calixte Ndayikunda ameandikwa kuwa alizama kwa sababu ya ulevi.

Mnamo tarehe 29 Juni 1998 nilianza kazi ya likizo katika maabara ndogo ya utafiti iliyo ufukweni, upande wa Kibirizi. Tunachunguza ubongo wa samaki wadogo wa miambani, wale wanaolinda mayai na wale wasiolinda. Msimamizi ni Dk. Leodgar. Calixte ndiye aliyekuwa akizamia kuwakamata kwa wavu wa mkono. Alikuwa mkimbizi kutoka Rumonge, umri kama miaka 30, na kwao alikuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kufungua fuvu dogo kama ukucha bila kuchana ubongo. Alikuwa akisema, "Usikandamize, mdogo wangu. Acha kisu kiende chenyewe."

Tarehe 21 Julai, saa 8 mchana, tukiwa wawili tu maabara, alianguka ghafla. Mwili ulikakamaa, kisha ukatetemeka, povu likamtoka mdomoni. Nilimlaza ubavu. Kifafa nilikuwa nimekisoma darasani, sikuwa nimewahi kukiona. Alipopata fahamu aliuliza, "Nani mwingine ameona?" Nikasema hakuna. Akasema, "Daktari akijua, kazi imekwisha. Kibali changu ni cha kazi hii. Nitarudishwa kambini na Gloriose na mtoto." Gloriose ni mke wake. Nilimwambia asizamie tena. Akasema, "Ntaco," yaani hakuna neno, kwamba dalili humjia mapema na huwahi kutoka majini. Nikamwahidi kunyamaza.

Tarehe 14 Agosti, Ijumaa, saa 2 asubuhi, tulikuwa tukibadilisha spiriti kwenye chupa za kuhifadhia bongo. Chupa moja ilimponyoka, ikammwagikia shatini. Tulicheka. Mimi ndiye niliyesema wamebaki samaki wanne tu wa kukamata ili nimalize kazi yangu. Hakuna aliyenituma kusema hivyo.

Saa 4 kasoro robo alivua shati, akaliweka juu ya jiwe, akaingia ziwani. Maji pale yanafika kifuani. Nilirudi ndani kuandika. Saa 4 na dakika 25 nilisikia mlinzi, Selestini, akipiga kelele. Tulipomtoa alikuwa bado ameshika wavu. Nilimpulizia pumzi na kumbonyeza kifua mpaka Dk. Leodgar aliponishika mikono. Selestini aliokota shati, akalinusa, akasema, "Huyu alikuwa amelewa." Nilimsikia vizuri. Sikumjibu, kwa sababu ningeeleza moja ingebidi nieleze yote.

Calixte hakuwa anakunywa pombe.

Jana saa 11 jioni nilikwenda Katubuka kwa Gloriose. Alikuwa amekaa chini na mtoto. Watu wa kanisani walikuwa wamemkimbia kwa neno hilo la ulevi. Nilimweleza yote. Akasema, "Na mimi alinikataza kusema. Nikawa namwombea tu kila asubuhi. Kumbe tulikuwa wawili." Akaniuliza kama kwenye ubongo wa samaki tunaona ugonjwa ule unapoanzia. Nikamwambia hatuoni. Akanipa mtoto nimshike, akaenda nje kulia.

Niliyoyaona na niliyoyaficha ndiyo hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: E. Gervasi

Mimi, Koplo Dismasi, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Shahidi ameomba neno "ulevi" lifutwe leo. Nimemweleza kuwa kilichokwisha kuandikwa kwenye jalada hakifutwi. Haya yameambatishwa nyuma yake.