Taulo Lenye Uso wa Kibibi

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na Kibibi haumwi. Mimi mzima, ila vidole vimeungua kidogo, si vya kutisha. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu Kibibi mwanangu hukuning'inia begani kila nikipiga, na hili sitaki alisikie.

Unajua kazi yangu ni kuchapa picha kwenye mataulo ya ufukweni. Karatasi ya picha inalazwa juu ya taulo, mashine inabana kwa joto, picha inahamia. Asubuhi, kabla ya kazi za wateja, tunajaribu rangi kwenye taulo bovu, na wengi hutumia picha ya mtu, maana uso haufichi kosa. Juzi nilijaribu kwa ile picha ya Kibibi uliyompiga siku ninaondoka, analia kashika geti. Bosi akapita. Akasimama, akauliza mtoto ni wa nani.

Dada, picha zetu wenyewe haziruhusiwi mashineni. Tena nilipoajiriwa nilisema sina mtoto, maana walitaka wasio na watoto. Nikamjibu, "Simjui. Nimeiokota mtandaoni."

Akafurahi, kwa kuwa mtoto asiye na mwenyewe hadai kitu. Sasa anachapwa kutwa nzima kwenye mataulo ya kuuza. Wenzangu wanasema chozi lile utadhani litadondoka sakafuni. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Usimwambie. Mwisho wa mwaka namleta huku ng'ambo na haya yatasahaulika.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Kibibi hajambo, kang'oka jino la mbele na sasa anaongea kwa mate.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikujaliwa kuzaa, labda ndiyo maana sielewi. Siku ile alilia mpaka akatapika. Nilimpiga picha kwa kuwa wewe uliagiza, ukasema utakuwa unaiangalia ukichoka. Hukusema utamtandika watu wamlalie.

Nenda kwa huyo bosi kesho, umwambie ni wako. Uongo mchanga hung'oka kwa mkono, ukikomaa utatafuta shoka. Kibibi mwenzio ameshafunga nguo zake kwenye mfuko, kauweka chini ya kitanda. Akivaa moja kwa kusahau, anaifua na kuirudisha, ili asafiri na nguo safi.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, ukinitukana ni haki yako. Nimepandishwa cheo, sasa mimi ndiye msimamizi wa mashine, na ni kwa sababu ya taulo lilelile. Nikisema leo nitaulizwa kwa nini sikusema jana. Nikifukuzwa, Kibibi atakuja kwa nani?

Wiki iliyopita nilikwenda ufukweni na wenzangu, nikamwona. Mzee mmoja kamlalia kifudifudi, mafuta ya mwilini yamemwingia machoni. Mbele kidogo mama mmoja alikuwa anajipangusa miguu kwa uso wa Kibibi, anaongea na simu. Nilisema kichwa kinaniuma, nikarudi chumbani.

Sasa nisikilize na usinune. Karatasi za kumleta zinapitia ofisi ya bosi. Nitamwandika kuwa ni mtoto wako. Mpige picha mpya, mnyoe nywele, na kile kidoti cha shavuni kipake poda, bosi asimtambue. Umfundishe kuniita Mama Mdogo, na wewe akuite Mama. Ni kwa muda tu, mpaka tupite hapa penye miiba. Akishafika, tukiwa wawili, ataniita anavyotaka.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo, namshukuru Mungu. Sikupenda, lakini nimefanya ulivyotaka. Picha hiyo humo ndani.

Kuniita Mama hakukumjia upesi. Mwanzo alikuwa anacheka, "Mama wa uongo, maji yamechemka," nami nacheka. Siku hizi anaita bila kucheka.

Kuna jingine. Juzi tulipita kwa muuza mitumba, taulo lako limetundikwa mbele, limepauka upande mmoja. Nilimvuta mkono, lakini macho yalishafika. Muuzaji akamtania kuwa kamwona pacha wake. Njiani akaniuliza limetoka wapi. Sikuwa na uongo wa kumpa, wako umeshanimalizia akiba. Nikamweleza yote, mpaka lile neno "Simjui" ulilomjibu bosi.

Hakulia. Aliuliza tu kama ulisema hivyo mbele ya watu. Tulipofika nyumbani akautoa mfuko chini ya kitanda, akarudisha nguo kabatini, moja moja.

Dada yako


14 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinikosesha usingizi. Asubuhi niliingia kwa bosi hata koti sijavua, nikamwambia yule ni mwanangu wa kumzaa. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Akainua macho, akasema, "Ungesema tu. Mimi mwenyewe ninao watatu."

Kisha akaniambia taulo lile limeshapitwa, wateja wamelichoka, na kuanzia sasa tunachapa mbwa aliyevaa miwani. Basi, Dada, hakuna zaidi. Yote yale niliyoyaogopa yalikuwa hayo.

Karatasi nimezibadilisha na zimekubaliwa, sasa ni mwanangu hata kwa maandishi. Tiketi inakuja. Mwambie nitasimama mbele ya wote wanaopokea wageni. Na nakuomba, mwambie aache kukuita wewe Mama, aniite mimi.

Mdogo wako


2 Desemba

Mdogo wangu,

Najua hujambo kwa mwili, kwa moyo sithubutu kuuliza. Siku ya tiketi imepita bila Kibibi kusafiri, na nadhani ulimkagua kila mtoto aliyetoka. Kwa hilo niwie radhi. Mpaka asubuhi ile niliamini atavaa viatu.

Alikaa kitandani. Nikamwambia mama yako anakusubiri. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, kwa Mama Mdogo siendi."

Nikamwambia asikuite hivyo, yale yalikuwa mchezo na umekwisha. Akasema ameshazoea. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamwinulia mkono na mkono ukakataa. Nje gari likapiga honi, likachoka, likaondoka.

Ningeweza kumburuta, mwenyewe unajua nguvu zangu. Sikumburuta, wala si kwa kumhurumia yeye peke yake. Aliposema haendi, nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi mpaka nikajiogopa. Nakuambia mwenyewe, usije kuambiwa na wengine.

Tiketi nimeirudisha humu. Usiniandikie tena kunifundisha niitwe nani na mtoto. Akiniita, naitika.

Mama Kibibi