Gauni la Kijani Limerudia Upana Wake

Karakana ya kushonea,
Mlango wa nyuma,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kifungo,

Pokea salamu zangu nyingi, mdogo wangu, mimi dada yako Sindano. U hali gani huko? Jiko la hoteli bado linakuunguza vidole? Na ile miguu iliyokuwa inavimba kwa kusimama kutwa, imetulia? Mimi ni mzima. Baba naye mzima, isipokuwa masikio yake, ambayo siku hizi husikia yanachotaka. Ukimwambia chakula tayari anasikia akiwa uani. Ukimwambia apunguze redio, kiziwi.

Afya ya Dada sikuiweka hapo juu, na nimefanya hivyo makusudi. Nitakueleza humu ndani polepole, usiruke mistari.

Kifurushi chako kilifika salama. Dada alikifungua mwenyewe, akazitandaza zile sidiria juu ya kitanda, ya maziwa, ya samawati na ile nyeusi ya lesi. Alizipapasa moja moja, akasema tangu avunje ungo hajawahi kuvaa sidiria nzuri, maana za saizi yake zote zilikuwa kama mikoba ya sokoni. Tulicheka wote. Ahsante sana, umemfurahisha mtu ambaye si rahisi kumfurahisha sasa.

Barua yako nayo nilimsomea. Unasema picha za Dada zimekushangaza, amekuwa mwembamba kama msichana, na unataka akupe siri. Unasema kifua chako kimekuwa mzigo, mikanda inakukata mabega, mgongo unakuuma kabla ya mchana, na wapishi wenzako wana midomo. Ukauliza kama ni kweli mazoezi yanapunguza matiti, au alitumia kitu kingine. Nitakujibu, ila jibu lenyewe ni refu na halina furaha, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Unakumbuka jinsi kifua cha Dada kilivyokuwa. Mama alipotutoka wewe ulikuwa bado unabebwa, na hukukubali kulala popote isipokuwa juu ya kile kifua. Ukiwekwa kitandani unalia, ukirudishwa pale unanyamaza. Mimi nilijaribu kukubeba, ukanigonga na kichwa kwenye mfupa ukalia zaidi, na ndiyo siku Baba alipoanza kuniita Sindano. Nilimwonea Dada wivu miaka mingi, sikufichi.

Yeye mwenyewe alikuwa akiyatukana hayo matiti. Kuinama kwenye cherehani kutwa nzima na mzigo ule si mchezo. Mabegani alikuwa na mifereji ya mikanda ambayo haikufutika hata akioga. Mwaka jana mgongo ukamshinda, akaenda zahanati, daktari akamwambia apunguze mwili na afanye mazoezi. Akarudi karakanani akatutangazia kwamba kuanzia siku hiyo anatafuta mwili mpya, na asiyetaka amwache.

Hakuna aliyemwacha. Mwenzetu wa cherehani ya dirishani, yule aliyewahi kucheza netiboli tunayemwita Kocha, akajitolea kutuongoza. Kazi ikiisha tunasogeza meza ya kukatia ukutani, tunaruka kamba, tunachuchumaa, tunapiga pushapu katikati ya vipande vya sare za shule. Ungetuona ungekufa kwa kicheko. Mimi niliyekuwa sina cha kupunguza niliambiwa nihesabu.

Kocha ndiye aliyetueleza habari unayoiuliza, na muuguzi wa zahanati baadaye akaniambia kasema sawa. Titi ni tezi za maziwa na mafuta, na kwa wengi mafuta ndiyo sehemu kubwa. Ukipungua mwili, nalo hupungua. Lakini huwezi kuuamuru mwili uanzie wapi. Mwingine hukimbia mpaka akaisha makalio na kifua kikabaki palepale, mwingine kifua ndicho cha kwanza kuaga. Pushapu hazichomi mafuta ya kifuani, zinakaza tu msuli ulio chini yake, kwa sababu titi lenyewe halina msuli. Na ngozi iliyokwisha kutanuka hairudi yote, hulegea. Basi jibu lako ni hilo, mdogo wangu. Linawezekana, ila mwili ndio unaochagua.

Sasa nikueleze kosa letu.

Karakanani hatuna mizani. Tuna tepu ya kupimia, kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya kufagia tulikuwa tunapimana kwa tepu. Mtu anasimama mbele ya meza, mimi nampima kifua, kiuno na nyonga, natangaza kwa sauti, na aliyepungua kuliko wote anapigiwa makofi na kupewa kiti cha feni wiki nzima. Dada alianza kushinda mapema. Kifua kilikuwa kinashuka kila Ijumaa, na yeye alikuwa anageuka huku na huku kama bibi harusi. Akaniambia subiri kidogo tu Sindano, tutaazimana sidiria.

Kisha akaanza kuchoka. Akawa anaruka kamba kidogo anaketi. Mwishowe akawa haruki kabisa, anakaa juu ya marobota ya vitambaa anatuhesabia, kazi yangu hiyo, akidai ameshafika anakokwenda anatusubiri sisi. Chakula chake cha mchana alikuwa anakirudisha nyumbani nusu, baadaye chote. Tukasema angalieni mtu mwenye msimamo! Sisi tuliokuwa tunatoka jasho tulianza kurudisha miili yetu, ila yeye aliyeketi alizidi kupungua, na kila Ijumaa feni ilikuwa yake.

Nilimpima kwa mikono yangu, Kifungo. Nilishika tepu, nikatangaza, nikapiga makofi. Sote tulipiga makofi. Tulikuwa tunaushangilia ugonjwa.

Nguo zake nazo nilikuwa nazipunguza mimi. Ananiletea gauni, nalibana ubavuni, nashona upya, wiki chache baadaye analirudisha limekuwa kubwa tena. Nilikuwa najivuna kwa watu kwamba dada yangu ananipa kazi kuliko wateja.

Aliyeshtuka ni Shemeji. Alirudi kutoka safari yake ndefu ya lori, akamkuta mkewe mlangoni, akashindwa kumkumbatia. Aliniambia aliogopa kumvunja. Hakusema umependeza kama sisi, alimpakia kwenye gari palepale akampeleka hospitali kubwa. Walimkuta na uvimbe tumboni, na umeshasambaa. Daktari hakuficha. Alisema wangewahi pengine wangeukata, sasa wanachoweza ni kumpunguzia maumivu. Muda hakutaja, na sisi hatukumwuliza.

Zile picha ulizozipenda zilipigwa wiki ileile, kabla hatujajua.

Najua utauliza kwa nini sikukuandikia siku hiyohiyo. Dada alinikataza. Alisema mkataba wako haujaisha, ukijua utaacha kila kitu, na yeye hakukubeba kifuani ili aje kukuvunjia maisha. Nilibishana naye hadi Baba akasikia, fikiria mwenyewe. Nikanyamaza. Lakini kila mara nikiona simu yako inaita nilikuwa nampa Kocha aipokee, naingia chooni, maana sauti yangu ingenisaliti.

Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo cha kujaribia nguo, ameshusha blauzi. Hakujifunika aliponiona. Kifuani palikuwa ngozi tu, imelala. Akanambia, "Nimeyasema vibaya miaka yote, sasa hata sijui yalikwenda lini. Ningeyaaga." Nilimfunga vifungo vya blauzi, tukarudi kwenye cherehani.

Nilimwomba msamaha kwa yale makofi. Alikasirika kweli. Alisema wiki zile ndizo alizojiona mrembo kuliko zote maishani, na mimi nisithubutu kumnyang'anya.

Sasa nikuambie kwa nini leo ninaandika.

Nilipomsomea barua yako nikafika pale ulipotaja vipimo vya kifua chako, akanizuia. Akataka nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Hivyo si vyangu?" Vilikuwa vyake, Kifungo, vile vya kabla ya kamba na pushapu, ninavyo kichwani kama jina langu. Alicheka mpaka Shemeji akaja kuchungulia. Akasema kumbe hayakupotea, yalimfuata mtoto.

Kisha akaniomba lile gauni lake la kijani lenye vifungo mbele, alilovaa siku tuliyokusindikiza uwanja wa ndege, ulipomlilia kifuani mpaka pakalowa. Nililipunguza mara nyingi kuliko nguo zake zote. Lakini mimi nikipunguza nguo sikati kitambaa, nakikunja ndani nashonea hapohapo. Mafundi wengine hunicheka kwamba nguo zangu ni nene mbavuni. Dada alikuwa analijua hilo. Aliniambia nifumue.

Jana nimeshinda nikifumua. Nilikuwa nafungua mshono mmoja, kitambaa kinatoka, nafungua mwingine, kinatoka kingine, na rangi ya ndani bado mbichi kama siku tuliyolinunua, maana haikuona jua. Dada alikuwa kwenye kiti cha feni, blanketi magotini, anaokota nyuzi zinazoanguka. Nililia, hakunikataza. Nilipomaliza nikalipiga pasi, nikalitundika. Limerudia upana wake.

Tukalivika lile sanamu la kuonyeshea nguo dirishani, likalipwaya. Kocha akalijaribu, likamning'inia kama pazia. Dada alikuwa anaangalia tu. Akasema anataka kuliona limejaa, mara moja, kabla. Hakumalizia kabla ya nini. Ndipo aliponiruhusu kukuandikia.

Kwa hiyo njoo, mdogo wangu. Mkataba utapatikana mwingine, na kama hautapatikana nitakufundisha kushona, ingawa mikono yako mibovu. Usisubiri mwisho wa mwezi. Barua hii nampa dereva mwenzake Shemeji anayepanda ndege kesho kuja huko, nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umeisoma.

Na huo mwili wako, usianze kuupiga vita kabla hujafika. Mgongo ukiuma tutautafutia dawa, na sidiria yenye mikanda mipana nitakushonea mwenyewe. Ukitaka kufanya mazoezi, fanya. Ila ukipungua bila kutaka, au chakula kikakukataa, kimbilia hospitali siku hiyohiyo, hata kama watu wote wanakuambia umependeza.

Baba anakusalimu, nimemwambia ninakuandikia akasikia mara ya kwanza. Shemeji anakusalimu, ameacha safari ndefu ili awe karibu. Kocha na wenzangu wote wa karakana wanakusalimu. Ijumaa hatupimani tena, tepu nimeifungia kwenye droo. Dada anakusalimu zaidi ya wote. Amevaa sidiria yako ya samawati chini ya blauzi. Inampwaya, nilitaka kuipunguza akakataa. Anasema uje uikute ilivyo.

Mungu akufungulie njia, akulinde angani na ardhini, na atuachie Dada mpaka uingie mlangoni. Usipitie nyumbani kwanza, pitia hapa karakanani na vumbi lako la safari. Gauni liko msumarini, yeye yuko kwenye kiti ambapo anakiona kioo, na katika sisi wote hakuna anayelijaza isipokuwa wewe.

Wako akupendaye, ninayekusubiri na pini mdomoni,
Sindano.