Kahawa ya Posa

Jumatatu, 3 Juni
Nimeficha jambo: ulimi wangu hauonji tena. Tangu ile homa ya mapafu, chumvi na sukari kwangu ni kitu kimoja. Sijamwambia mtu. Leo pia Koku, binti yangu, kaniletea kibarazani kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya harufu na kuanikwa. Nikatafuna. Nikamtazama usoni, maana yeye huonja kwanza. Uso umetulia. Nikasema zifungwe kwenye majani ya mgomba. Rwamishenye nzima hununua kwa neno langu.

Ijumaa, 7 Juni
Koku yuko Muleba tangu Jumanne, anamuuguza shangazi yake. Mvua haikatiki. Byabato, jirani, kaja kuchukua kahawa ya posa. Kesho anakwenda kumposea mwanawe, na bila kahawa mazungumzo hayafunguki. Nikatafuna mbele yake. Sikusikia kitu. Nikasema nzuri. Ningeweza kumwambia sina.

Jumapili, 9 Juni
Aibu. Kahawa ilinuka ukungu. Baba wa binti aliitema mbele ya wageni, akauliza kama wamekuja kuposa au kuzika. Posa imekwama. Byabato kapita baada ya misa. "Mwalimu, wewe hukosei. Ni huyo binti yako, anachemsha huku anaongea na simu." Koku, aliyerudi jana jioni, alikuwa mlangoni, anasikia. Alinyamaza. Nami nikanyamaza. Kwake ni heshima. Kwangu ni woga.

Jumanne, 11 Juni
Deo, mwanangu, kafika kutoka Mwanza. Anataka Koku aachie biashara, mke wake Deo aishike, jina la nyumba lipone. Anasema kwa upole, na upole huo unachoma. Kibanja, shamba la ukoo, ni cha Deo, ndiyo desturi yetu. Koku hana mume, hana shamba. Ana sufuria hizi tu. Sikula. Tangu nistaafu ualimu nimehubiri kwamba muuzaji huuza neno lake kwanza, bidhaa baadaye. Neno langu limeoza. Kifua kinabana. Nikifa nimenyamaza, nitakuwa nimemwibia Koku.

Jumatano, 12 Juni
Nimewaita wote, na Byabato. Nimesema. Ulimi umekufa. Anayeonja ni Koku, mimi husoma uso wake. Na mvua ile yeye hakuwepo. Deo alicheka, akidhani utani, kisha akaacha.
"Kumbe, waitu, jamani, tumekuwa tukinunua uso wa Koku," Byabato akasema.
"Na haujapanda bei," Koku akamjibu.
Wakacheka. Mimi nililia kidogo. Biashara ni ya Koku, nimetamka mbele ya mashahidi. Deo kakubali, kwa shingo upande. Nimelala mchana, mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 16 Juni
Jana nilikwenda na Byabato kwa wakwe, nimekalia mto ndani ya bajaji. Nikaeleza kosa ni langu. Walitafuna kahawa mpya taratibu. Wakaitisha ya pili. Posa imepita.

Leo kimya. Jua limerudi, mikeka imejaa kahawa. Koku kanikatia kucha, hana haraka. Nikamwambia lililobaki. Ulimi ulikufa, lakini macho yangu ni mazima. Ijumaa ile niliuona ukungu, mweupe, kwenye mikunjo ya kahawa. Niliufuta kwa kidole gumba kabla Byabato hajakaa.