Pini Sita

Jumatatu, 3 Juni
Leo mkulima mmoja ameilaza bunduki mezani kwangu kwa mikono miwili, kama analaza mtoto. Ya risasi moja, ile tunayounda hapa karakanani. Imelia yenyewe, anasema, ikiwa imefungwa kifungio cha usalama. Imemuua mbwa wake. "Sikuigusa, dada. Niliiegemeza ukutani tu." Hakuwa na hasira hata kidogo—hilo ndilo lililonichoma. Nikatazama chini ya kitako. Mhuri wangu! Mimi ndiye niliyeikagua.

Jumatano, 5 Juni
Siku nzima mimi na bunduki ya mkulima, bila risasi ndani. Naikoki, nafunga kifungio cha usalama, naidondosha mkekani kutoka usawa wa goti. Kifungio kimeshika. Naiokota tena. Kimeshika. Vumbi linaelea kwenye jua la dirishani, polepole, dhahabu tupu. Nikajisahau, nikawa kama naogelea humo. Mara ya thelathini na nane—tik! Nyundo ya bunduki imeanguka, na kifungio bado kimekaa penye usalama, kimetulia kana kwamba hakikuona kitu.

Nimeifungua. Ndani kuna pini inayoizuia nyundo, haizidi punje ya mchele. Imelika upande mmoja. Chuma laini mno. Nimeishika kiganjani hadi ikapata joto langu.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee Kofia, bosi wetu, ameigeuzageuza pini chini ya miwani. Mara moja kati ya thelathini na nane, akasema, hiyo ni bahati mbaya, si hitilafu. Nikamwambia mbwa hakupata nafasi ya kuhesabu. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Tusubiri kwanza, akasema. Tusubiri nini, mzee? Akatoka kuangalia mvua.

Mvua juu ya bati—kila tone, tik, tik. Nimeziba masikio kama mtoto.

Pini za boksi ilikotoka hii ziliingia kwenye bunduki sita. Nimetazama daftari la ukaguzi. Zote sita nimezipitisha mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimewapigia simu wenye bunduki tano zilizobaki. Ruhusa sikuomba. Mume wangu kasimama mlangoni na kikombe chake: "Utafukuzwa kazi, mama." Basi nifukuzwe! Akakaa, akaanza kunisomea namba.

Wanne wamekubali kuzirudisha. Mmoja wao kanitukana vizuri tu, halafu kanishukuru. Wa mwisho hapatikani. Bibi mmoja, mjane, anafukuza nguruwe pori shambani.

Jumanne, 11 Juni
Nimefika kwa bibi. Nimetembea sana, mahindi pande zote yamenipita kimo, upepo ukipita juu na mimi chini kama niko ndani ya maji. Kanipokea kwa furaha, kanipa kigoda hapa uani. Hasikii vizuri. Nimepaza sauti: bunduki ni mbovu, bibi, nimekuja kuichukua! Akaitikia, ndiyo, ndiyo, nzuri sana, haijanisumbua hata siku moja. Nikarudia. Nikaonyesha kwa mikono. Hapo uso wake ukasawijika. "Wewe ndiye uliyeipitisha?" Ndiyo, bibi. Akanishika shavu.

Nikamwambia asiiguse, anionyeshe ilipo. Nikainama kufungua mkoba, nitoe kitambaa na daftari hili asaini—nainua kichwa, hayupo. Nimeita. Nimeita tena. Mlango wa nyumba umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Naandika haya nikimsubiri. Anaimba huko ndani. Sasa namsikia anakuja, anaiburuta bunduki sakafuni kwa mtutu, na kitako kinagonga kila kizin