Dafodili za Kona Isiyofagiwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Natumaini koti limekufika. Sisi huku Bellevue wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama. Umeniuliza ni nini kilichonishtua zaidi nilipohamia huku Johannesburg nikiwa msichana. Utacheka. Maua!

Nilipanga chumba kwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu. Kila asubuhi nilifagia uwanja kama tufanyavyo Tanga, mpaka alama za ufagio zionekane. Kona moja tu alinikataza: "Acha hapo, kuna kitu kimelala." Nikatazama, udongo mtupu! Nikaiacha kwa heshima tu.

Baridi ikaja, eish, maji yakaganda bombani. Nikafunga begi nirudi nyumbani. Asubuhi ya safari nafungua mlango, lahaula! Dafodili za manjano, fupi hata shubiri hazifiki, zimesimama kwenye barafu pale konani! Nikapiga ukelele. Mama Furaha akatoka mbio na fimbo, akidhani nyoka.

"Ni baridi ndiyo inaziamsha," akasema. "Bila baridi zinatoa majani tu."

Nilibaki mdomo wazi, na sijaufunga vizuri hadi leo. Begi lile halikusafiri tena. Ndimo ninamohifadhi vitunguu vya dafodili, yaani mizizi yake ya kupandia, kila kiangazi, nikisubiri baridi.

Bibi yako,
Mwanaidi